Koma za Tsawe na Jiwe la Ziwani

Pearland, Texas
Novemba

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa kibarazani na miwani yako puani, goti limetulia, na mbuzi wa ndugu yangu Kazungu hawajaingia tena kwenye mihogo yako. Mvua za vuli zimefika huko, au mnaangalia tu mawingu yakipita kwenda kwa wenzenu? Mimi ni mzima wa afya. Yale mafua niliyokuandikia yaliondoka yenyewe, nadhani yalichoka kukaa na mtu asiyepumzika. Huku Novemba haina baridi ya maana. Wenyeji wanavaa masweta kwa sababu kalenda imewaambia, mimi bado naanika nguo nje na zinakauka kabla ya adhuhuri.

Barua yako niliipata. Ilikaa njiani mpaka bahasha ikachakaa. Nimeisoma mara nyingi, na kila nikiisoma moyo unaniuma. Unasema Mama amehamia jikoni. Anapika kama kawaida, anakuwekea chakula chako kizingitini, anakwenda kisimani, lakini kwako hana neno tangu ulipozing'oa koma za Tsawe na Hawe, vile vigingi viwili vya babu na bibi, wazazi wako, nyuma ya nyumba, mbele ya mchungaji na kundi zima la waumini. Unasema Jumapili iliyofuata ulisimama ukashuhudia kwamba umevichoma kwa mkono wako mwenyewe, kanisa likapiga makofi, na Mama akatoka nje katikati ya wimbo. Na unaniomba mimi, kwa kuwa Mama hunisikiliza, nimwandikie barua ya kumwonya, wewe umsomee.

Baba, nilijaribu. Nilichukua kalamu nikaandika, "Mama mpendwa, mke mwema humtii mumewe," nikatazama maneno yale nikaona aliyeyaandika si mimi. Nikachana karatasi. Nikukumbushe kwamba Mama alibatizwa kabla yako, na kama si yeye kukuvuta mkono usingelijua hata mlango wa kanisa uko upande gani. Hakuona shida kuwa na vyote viwili. Jumapili alikuwa wa Mungu, na siku mtoto akichemka homa alikwenda nyuma ya nyumba na kata ya maji yaliyokorogwa unga, akawaeleza wakwe zake yaliyotokea. Sikuwahi kumwona akiwaabudu. Alikuwa anawapasha habari.

Kwa hiyo nakuandikia wewe, na nakuomba kitu kimoja: barua hii usimsomee Mama. Isome peke yako. Najua ukisoma barua zangu kwa sauti huwa unaruka yale usiyoyapenda. Mama naye anajua, huwa anaangalia unavyogeuza kurasa. Safari hii hakuna haja ya kuruka. Ila vumilia, maana ninapita njia ndefu.

Nilikuandikia kwamba nimeacha kazi kwenye ile nyumba ya wazee, nikapata ya kumtunza bibi mmoja hapa Pearland, kusini mwa Houston. Nakaa hapo siku za kazi, wikiendi narudi Gulfton kwenye chumba tunachopanga na Mercy, yule nesi wa Nakuru. Nilichokuwa sijakueleza ni huyo bibi mwenyewe, kwa sababu sikujua nianzie wapi.

Jina lake Risten. Si Mmarekani. Ametoka juu kabisa ya Norwe, mahali ambapo wakati wa baridi jua halichomozi kwa wiki nyingi, na kiangazi halitui. Kabila lake ni Wasaami. Walikuwa kwenye ardhi ile kabla ya wenzao, na wako huko mpaka leo. Wengine wanafuga kulungu wa theluji, lakini watu wa Risten walikuwa wa ziwani, wa nyavu na ng'ombe wachache. Binti yake, Inga, ameolewa na mhandisi wa mafuta ambaye muda mwingi yuko baharini kwenye mitambo. Risten alipofiwa na mumewe, halafu akaanguka kwenye barafu akavunjika nyonga, Inga akamleta huku kwenye joto. Bibi wa watu alikuwa amekaa Texas mwaka mzima na bado akiamka anauliza nani amewasha moto.

Siku zangu za kwanza hakunitaka. Nikimletea chai ananitazama kama nimeiba kitu. Kiingereza chake kibovu, changu unakijua, tukawa tunanuniana vizuri tu. Kilichotupatanisha ni maji ya moto. Sinki lilikuwa limeziba, mimi nimechemsha viazi, nikatoka na sufuria nikamwage uani. Nikafanya nilivyofundishwa na Hawe. Nikasimama, nikasema, "Hodi wenyewe, sogeeni na watoto wenu, maji haya ni ya moto," ndipo nikamwaga. Sikuwa hata nimefikiri, Baba. Mdomo ulisema wenyewe. Kugeuka, Risten amesimama mlangoni ameshikilia kile chuma chake cha kutembelea, macho kanitolea. Nikajua kazi imekwisha, atamwambia bintiye nimerukwa na akili.

Akaniuliza ninaongea na nani. Nikamwambia, na walio chini. Akasema kwao pia huambiwa. Kuna watu wanaokaa chini ya ardhi, wana ng'ombe wao na watoto wao, wazuri kwa sura kuliko sisi, na usipowapa taarifa ukawaunguza, utaumwa wewe au mifugo yako. Hata ukitaka kusimamisha hema mahali ulale, kwanza unawaomba ruhusa. Halafu akauliza, "Wenu hujibu?"

Nikasema hapana.

"Wetu pia," akasema, na siku hiyo kwa mara ya kwanza akanywa chai yangu.

Tangu hapo hatukunyamaza. Nikaanza kumwita Hawe Risten, akalipenda jina. Alikuwa na jambo moja lililomtia Inga wazimu. Kila asubuhi, kabla hajanywa kahawa, alimwaga tone moja kwenye jiko na tone jingine mlangoni. Akaniambia kwamba chini ya meko anakaa mama mmoja, jina lake Sarahka, ndiye anayewasaidia wanawake kujifungua, na tone la kwanza ni lake. Mlangoni yuko dada yake, anayelinda anayeingia na anayetoka. Sasa jiko la Inga ni la umeme, la kioo, kahawa ikimwagika inagandia inakuwa doa jeusi. Inga anasugua, mama anamwaga, Inga anasugua. Mimi nikamuuliza Hawe Risten huyo Sarahka anakaa wapi kwenye jiko lisilo na majivu. Akanijibu kwamba hata yeye anamhurumia.

Tulikaa tukilinganisha kama watoto wanaoonyeshana makovu. Wao dubu hawamtaji kwa jina wakiwa msituni, wanamwita babu mwenye koti la manyoya. Nikamwambia sisi nyoka usiku ni kamba. Wao mtoto mchanga akilia bila kukoma, wanasema amepewa jina lisilo lake, kuna mzee wa ukoo anataka kurudi. Anaoshwa upya, anapewa jina la mzee huyo. Nikamwambia kwetu Kenya yako makabila yanayofanya hivyo hivyo, wazee wanatajwa mmoja mmoja mpaka mtoto anyamaze. Alinishika mkono, akauliza kama nina hakika kwamba watu wake hawakuwahi kupita pwani yetu. Nikamwambia wangepita tungewakumbuka, kwa weupe ule.

Nilipomsimulia Mercy alikasirika. "Kadzo, hayo ni majini," aliniambia. "Uki-entertain hizo vitu kwa nyumba ya watu, utai-lose hiyo job na roho yako pia." Nikamuuliza kama nyanyake wa Nyeri hakuwa akimwaga uji kidogo chini kabla ya kunywa. Akafikiri. Akasema ndiyo, lakini hiyo ilikuwa heshima tu. Basi, nikamwambia, na hii ni heshima tu. Akacheka, akaenda kazini hospitalini akiwa bado ananung'unika.

Sasa nakuja kwenye jiwe. Ndani ya droo ya Hawe Risten, kwenye soksi ya sufu, kulikuwa na jiwe la kijivu la ukubwa wa embe. Daktari alimwandikia vidonge vya mafuta ya samaki kwa ajili ya viungo. Nikagundua havimezi. Anakitoboa kimoja kwa sindano ya kushonea, anapaka mafuta yake kwenye lile jiwe, polepole, kama anavyopakwa mtoto aliyetoka kuoga. Nikajisemea, nimeelewa, hii ni koma yake. Nikataka nimfurahishe. Siku moja akiwa kwenye mazoezi ya nyonga nikakata kitambaa chekundu, nikalifunga nacho jiwe kiunoni kama tulivyozifunga koma zetu, nikakoroga unga wa mahindi na maji kwenye kisosi, nikakiweka mbele yake.

Aliporudi akaona. Nilidhani atalia. Alicheka mpaka kikohozi kikambana, nikampiga mgongoni. Kisha akanieleza, bila kunidharau, kwamba nimemvalisha nguo asiyevaa. "Wenu ni watu waliokufa," alisema. "Huyu hajawahi kuwa mtu. Ni mahali." Kwao kuna majiwe makubwa kando ya maziwa na kwenye vilele, yamesimama tu, na kila moja ndilo lenye samaki wa pale au kulungu wa pale. Ukipata, unalipaka mafuta ya ulichopata. Hili dogo alikuwa amelichukua mahali liliposimama zamani lile kubwa la ziwani kwao, ili huku Texas asiwe peke yake. Na kumbe hata yeye alikuwa anakosea, maana jiwe hilo mwanamke haruhusiwi kulikaribia. Nikamuuliza mbona basi. Akasema wanaume waliojua wamekwisha, na kama ni kosa, jiwe lichague kumsamehe au kufa njaa.

Nilimpenda sana huyu bibi, Baba.

Basi barua yako ikaja. Niliisomea jikoni, na Hawe Risten si mtu wa kudanganywa. Aliponiona akavuta kiti, akaniambia niseme. Nikamwambia yote, koma, mchungaji, moto, Mama jikoni. Nilitarajia atakulaumu, nami nilikuwa nimejiandaa kukutetea, maana najua kwa nini uliokoka. Najua ulivyokuwa unakunywa, na najua ni nani alikunyanyua. Hakukulaumu. Akaniambia kuhusu baba yake.

Alikuwa msichana mdogo wakati wahubiri walipofika kijijini kwao. Zamani za mababu zake, mapadri walikuwa wamekwisha kukusanya ngoma za waganga wao, zile zilizochorwa jua na wanyama na nchi ya wafu, wakazichoma. Zilizopona moto ziko kwenye makabati ya vioo mijini. Nikamwambia kwetu vigango, zile nguzo za kuchongwa za wazee waliokufa, huibwa vikauzwa, vikaishia sebuleni kwa wageni ng'ambo. Akaniuliza lipi baya zaidi. Lakini majiwe yalibaki, kwa sababu jiwe haliungui. Wahubiri hawa wapya walikuwa wakali, hata pazia la maua dirishani ni dhambi. Na baba yake alikuwa mlevi. Akaokoka, akaacha pombe, akawa mtu mwingine. Wote walifurahi, mama yake kuliko wote. Mpaka siku alipokwenda ziwani na wanaume wa kanisa wakiwa na magogo, wakalisukuma lile jiwe kubwa likaangukia majini, watu wakiimba.

Mama yake hakusema na mumewe kipupwe kizima. Nyumba ya chumba kimoja, Baba, giza mchana na usiku, na hakuna jiko la nje la kuhamia. Akapika, akashona, akanyamaza. Baadaye alirudia kusema naye, ya chumvi na ya kuni, lakini kile kitu kati yao hakikurudi tena.

Risten ndiye alikuwa anapiga makasia baba akitega nyavu. Na kila walipopita mahali jiwe lilipozama, baba yake alimwambia aache kupiga. Mtumbwi ukatulia. Baba akavua kofia, akaishika kifuani, wakapita kimya, akavaa. Mvua ya theluji ikinyesha, kichwa wazi. Mara moja alimuuliza kwa nini, akajibiwa kichwa kinawasha. Alifanya hivyo mpaka alipokufa.

Nikamuuliza mama yake alisemaje alipojua.

"Hakujua," akasema. "Kofia ilikuwa ya baba. Nilingoja aseme mwenyewe. Yeye akafa, halafu mama akafa. Mama aliishi na mwanaume mgumu ambaye kwa kweli hakuwapo duniani."

Nilipotoka pale nilimpigia Kazungu. Tulikuwa tumepanga anisubiri kwenye simu ya pale dukani Mariakani, nikanunua kadi, nikampata. Nilitaka tu kujua hali ya Mama. Akawa anazungukazunguka, mara mvua, mara bei ya nazi, nikajua ana kitu. Nikambana. Tafadhali Baba, kabla hujaendelea, niahidi hutamgombeza. Hakumwambia mtu mwingine yeyote, hata mkewe.

Alisema paa la chumba chenu lilivuja, ukamwita akusaidie kusogeza kitanda, halafu wewe ukaitwa nje na mgeni. Akakisogeza peke yake. Chini yake kulikuwa na gunia limefungwa kwa kamba ya katani. Alidhani ni mbegu, akafungua asije panya akaziharibu. Walikuwa ni Tsawe na Hawe, na vitambaa vyao vimekunjwa kando. Akafunga, akarudisha kitanda, ulipoingia akakuuliza habari za mabati.

Nikamshukuru Kazungu, kadi ikaisha.

Sikucheki, Baba, wala sikuoni mwongo. Nimekaa na jambo hili siku nyingi, na kila nikiligeuza nakuona wewe unatoka na gunia gizani na kibiriti mfukoni, halafu unarudi nalo. Sijui ulisimama pale kwa muda gani. Ninachojua ni kwamba Jumapili ulilazimika kuwaambia watu kitu, na ulipokwisha kuwaambia wao hukuwa tena na njia ya kumwambia Mama.

Nilimweleza Hawe Risten. Akaniambia niandike, na niandike upesi. Nikasema nitaandika wikiendi. Kabla ya wikiendi akapata homa ya mapafu, Inga akamkimbiza kwenye zile hospitali kubwa za mjini, nami nikalala kitini pembeni ya kitanda chake. Madaktari walijitahidi. Alikuwa akiguna kijiwimbo kisicho na maneno, na nilipomuuliza ni wimbo gani, aliniambia si wimbo, ni baba yake. Kwao mtu haimbiwi, anaimbwa yeye. Akafariki asubuhi, Inga akiwa amemshika mkono mmoja, mimi mwingine.

Tulipokuwa tunakusanya vitu vyake Inga akatoa ile soksi, akaniuliza jiwe hili ni la nini. Alidhani ni la kuzuia mlango. Nikamwambia yote, la kahawa, la mafuta ya samaki, na la kofia ya babu yake ambaye hakuwahi kumwona. Mwanamke yule ambaye miezi yote nilimwona akisugua jiko, alikaa kitandani kwa mama yake akalia, akasema alikuwa anadhani mama anafanya kusudi kumuudhi. Yeye na mumewe wamesafiri jana kumpeleka mama akazikwe kwao. Jiwe amelitia kwenye mkoba wake wa mkononi. Ameniachia funguo, nimwagilie maua mpaka arudi, na ndiyo maana nina nafasi ya kukuandikia kurasa zote hizi kwenye meza ambayo hapana wa kumwagia kahawa. Kazi nyingine Mercy ananitafutia, usiwe na wasiwasi kwa hilo.

Sikuombi uache wokovu. Mimi mwenyewe kesho nakwenda kanisani Gulfton, na ninakuombea humo humo. Sikuombi hata uzisimike tena zile koma. Hilo ni lako na Mungu, na sisi watoto tutakusalimia vile vile. Na najua Mama anaweza kuamka kesho akaongea na wewe habari za chumvi na kuni, ukadhani yamekwisha. Usidhani.

Nisalimie Kazungu, na umpe mkono kwa paa lile. Nisalimie mkewe, ambaye ndiye Mama anayezungumza naye siku hizi. Shangazi wa makuti mwambie vitambaa alivyoniagiza nimeviona, nitavituma na mtu. Mjomba fundi baiskeli mwambie huku watu wanatupa baiskeli nzima kwa sababu ya tairi, akalie. Msalimie na mchungaji, maana hakukutakia mabaya.

Kwa Mama sipeleki salamu kwenye karatasi, utampelekea wewe. Mkewe Kazungu alimuuliza juzi atakaa jikoni mpaka lini. Nilipompigia Kazungu tena alinisimulia jibu lake, nami nimeona sina haki ya kukuficha. Mama alisema, "Aliyemtia baba yake motoni, mimi ambaye si damu yake ataniweka wapi?" Hana hasira na wewe, Baba. Anaogopa.

Nenda jikoni kwake mchana kweupe. Usibebe Biblia, na gunia liache lilipo. Beba kigoda, ukae chini kama yeye, na akinyamaza wewe usiondoke. Si lazima useme mengi wala uombe radhi kwa yeyote. Anadhani ulivichoma. Mwambie hukuweza.

Mwanao akupendaye,
Kadzo